Kopo Chini ya Lori

Kila Jumapili jioni lori lilirudi kutoka Kanengo, pembezoni mwa Lilongwe, na kusimama kando ya ukuta wa gereza la zamani. Ndikuriyo alishuka, akafunga mlango kwa kamba, akapiga magoti na kusukuma kopo tupu la sardini chini ya injini. Asubuhi alipiga magoti tena, akalitoa, akatazama ndani. Lilikuwa kavu. Alilipangusa kwa kiganja kana kwamba lilikuwa na kitu, kisha akalirudisha mahali pake nyuma ya kiti. Nyumba yangu ilitazamana na ukuta huo, kwa hiyo niliyaona hayo mara nyingi kabla sijajua maana yake.

Watu wa Dzaleka, kambi yetu ya wakimbizi nchini Malawi, walimcheka. Aliyewaongoza katika kucheka ni mzee Cishahayo, fundi cherehani kutoka Bukavu, ambaye ujana wake aliumaliza katika gereji na hakuacha mtu asahau.

"Ndikuriyo, leo kamyo yako imetoa maziwa litre ngapi?"

"Iko na mimba, mzee," Ndikuriyo alijibu bila kugeuka. "Ngombe ya mimba haikamuliwake."

Ndikuriyo alikuwa mtu wa Gasorwe, katika mkoa wa Muyinga, Burundi. Kwa miaka tisa alibeba kahawa ya wakulima kutoka vilimani hadi mahali pa kuioshea, kwa lori hilohilo. Alilinunua kwa mapadri wa parokia likiwa limekwisha kuchoka. Lilikuwa la zamani, lenye pua ndefu, na taa zake mbili hazikuwa za ukubwa mmoja. Kwao hakuna tambarare. Dereva wa kule hulaza gari pua ikitazama bondeni, na jiwe mbele ya gurudumu. Asubuhi anaondoa jiwe, anafungua breki, gari linaanza kuteremka lenyewe, na kabla halijafika kwenye migomba ya jirani injini imeshawaka. Hakuna aliyechosha betri yake bure. Kijana akijifunza udereva, hafundishwi kwanza usukani, anafundishwa mahali pa kulaza gari.

Na lori hilo lilidondosha. Tone moja, kimya, tone lingine, mpaka asubuhi. Mkewe, Kankindi, hakupenda kitu kipotee. Yeye ndiye aliyeanza kuweka kopo. Asubuhi alipata kijiko kimoja au viwili vya dizeli, akalowesha kitambaa cha kuwashia kuni. "Kamyo yetu inalia," alikuwa akisema. "Inaliaka juu ya kazi mingi." Katika nyumba yao hilo likawa neno la kila siku: imelia sana, haikulia sana.

Oktoba ya mwaka 1993, rais alipouawa na mauaji yakaenea vilimani, asubuhi ambayo watu wa kilima chao walikimbia, Kankindi alikuwa amevuka bonde kwenda kumwuguza mama yake. Majirani walipanda nyuma ya lori na magodoro na watoto. Ndikuriyo alingoja. Habari hizi aliniambia mara moja tu, akiwa ameinama juu ya injini ili asitazamane na mtu. Alingoja mpaka moshi ulipoonekana upande uleule wa bonde alikokwenda Kankindi, na waliokuwa nyuma wakaanza kupiga paa la kabini kwa viganja.

"Sikuwasha hata kontakti, madame," alisema, yaani hata ufunguo hakuugeuza. "Nilitoa jiwe tu. Kilima njo ilitupeleka."

Kopo lilikuwa nyuma ya kiti, mahali Kankindi alipoliweka asubuhi hiyo.

Walifika Tanzania, upande wa Ngara. Alikaa huko mwaka mmoja na nusu akiuliza kila aliyevuka, na hakuna aliyekuwa amemwona. Kisha akaendelea kusini na wengine, Mbeya, Tukuyu, Songwe, hadi Malawi. Huku lori halikuweza kutembea bila karatasi za nchi. Likaandikwa kwa jina la Bambo Kaliwo, mfanyabiashara wa unga mwenye ghala Kanengo, na Ndikuriyo akawa dereva wa lori lake mwenyewe. Siku za kazi alilala kwa rafiki Area 25, mtaa wa jirani. Jumapili alileta unga wa maduka ya kambini na kulala kwake.

Mwezi wa kwanza alizunguka akitafuta mteremko wa kulaza gari. Uwanda wa Lilongwe ni kama uga uliofagiliwa. Milima ya Dowa unaiona kwa mbali tu, na mlima unaouona kwa mbali hauwashi injini. Tangu hapo asubuhi zake zikawa ngumu. Injini ya dizeli haivumilii hewa ndani ya mafuta. Ikipata hewa inazunguka bure kama mtu anayetafuna mdomo mtupu. Ndikuriyo alilegeza skrubu ndogo juu ya pampu, akasukuma pampu ya mkono mpaka mapovu yakaisha na mafuta safi yakatoka, akakaza, ndipo akawasha. Mwanzoni ilimchukua dakika kumi. Kufikia Julai ya mwaka 1996, mwezi wa baridi, ilimchukua saa nzima, na hata hivyo mara nyingine injini ilishika kidogo na kuzimika.

Alilaumu baridi. Alilaumu mazutu ya Malawi, ndivyo walivyoita dizeli. Jambo moja tu lilimfariji, na alipenda kulisema.

"Lakini kulia, imeacha. Malawi imeiponyesha."

Kopo aliliweka hata hivyo. Nilidhani ni mazoea. Baadaye niliona kwamba katika siku yake yote, hicho ndicho kitendo pekee kilichobaki cha mkewe, na alikuwa akikifanya kwa niaba yake.

Jumapili moja ya mwezi huo mchungaji Ambroise alirudi kutoka Karonga, kaskazini. Baada ya ibada ya jioni alisema kwamba huko kuna kundi la Warundi kumi na wawili, wamelala katika ukumbi wa kanisa. Wanangoja watu wa kuwavusha kwenda Zambia, na wataondoka mwisho wa juma. Akataja majina machache aliyoyakumbuka. Jina la nne lilikuwa Kankindi.

Ndikuriyo alimfuata mpaka nje.

"Wa wapi, mchungaji?"

"Muyinga. Colline yake, kilima yake, sikuuliza."

"Iko na kovu ya jembe kwa mguu? Mguu wa kushoto?"

"Ndugu, mimi ni mchungaji. Siangaliake miguu ya bamama."

Wengine walicheka. Ndikuriyo naye alicheka kidogo, kwa adabu, lakini mikono yake ilikuwa imeshika koti la mchungaji na haikuliachia.

Akina Kankindi ni wengi Muyinga. Lakini huyo mmoja alikuwa Karonga mpaka mwisho wa juma, na baada ya hapo angekuwa Zambia, mahali ambapo mkimbizi wa Malawi hawezi kwenda kuuliza. Nauli ya basi hakuwa nayo, na njiani askari wangetaka kibali cha kutoka kambini. Akiwa kwenye usukani, barua ya Kaliwo ndiyo iliyokuwa kibali chake. Naye Kaliwo alikuwa na mzigo wa unga wa kupeleka Karonga siku ya Jumatano.

Jumatatu lori liliwaka saa tatu. Jumanne, katika ua wa ghala, liliwaka saa tano. Jumatano magunia yalikuwa yamepakiwa tangu alfajiri, na Kaliwo mwenyewe amesimama pale na saa yake ya mkononi. Ndikuriyo alisukuma pampu mpaka ngozi ya kidole gumba ikachubuka. Injini ilishika, ikakohoa, ikazima. Betri ikaisha nguvu.

"Pepani, achimwene," Kaliwo alisema, akimwomba radhi kama ndugu kwa Kichewa. Hakuwa mtu mbaya. "Unga hauwezi kungoja."

Magunia yakahamishiwa kwenye lori jingine, na hilo dereva wake tayari alikuwa na msaidizi wake kabini. Nafasi ya mtu wa tatu haikuwepo. Kaliwo alimwambia kuna mzigo mwingine, mbolea ya Karonga, Ijumaa, saa kumi na mbili asubuhi. Lisipowaka Ijumaa, asimwombe tena.

Alasiri hiyo watu wa ghala walilisukuma, likawaka, naye akaliendesha hadi Dzaleka bila kulizima, moja kwa moja mpaka mlangoni kwa Cishahayo.

"Mzee, leo sina michezo. Saidia mimi."

Cishahayo aliacha suruali aliyokuwa akiishona, sindano ikiwa bado ndani ya kitambaa. Alhamisi, tangu asubuhi, walilifungua lile lori kama wanaotafuta sindano hiyo. Walisafisha chujio. Walitazama sili za pampu. Cishahayo aliweka sikio kwenye tangi na kumwagiza Ndikuriyo apulize bombani kwa mdomo. Walifuata bomba la mafuta kwa kiganja, kutoka tangini nyuma ya kabini hadi injini, wakitafuta unyevu. Mahali palipopasuka huwa na unyevu. Bomba lote lilikuwa kavu na lenye vumbi.

"Hakuna fuite, hakuna pahali inavuja," Cishahayo alisema. "Tuyo iko kavu sawa mufupa. Njo pompe imekufa, Ndikuriyo. Na pompe hatutapata mbele ya kesho."

Watu waliokuwa wamekusanyika kutazama walianza kuondoka mmoja mmoja, kama wanavyoondoka msibani baada ya chai. Ndikuriyo alikaa chini, mgongo kwenye gurudumu. Kwa kuwa hakuwa na la kufanya, aliinuka, akatoa kopo nyuma ya kiti, akaketi tena, akaanza kulifuta.

Nilikuwa nimewaletea maji. Nilimwuliza jambo ambalo kwa mwaka mzima nilikuwa nimeona haya kumwuliza, kwa nini aliweka kopo usiku mahali ambapo hapakuwa na kitu cha kukinga.

Ndipo aliponieleza habari za Kankindi na kitambaa cha kuwashia kuni. Alieleza kwa sauti ya chini, na Cishahayo alikuwa akifunga visanduku vyake vya spana nyuma yetu.

"Ilikuwa inalia kila usiku?" Cishahayo aliuliza.

"Kila usiku."

"Na siku gani iliacha?"

"Mi nilisema, mzee. Tangia tuvuke. Mwisho ililia Tukuyu. Asubui nilipata vijiko viwili. Nilifurahi, nikasema Kankindi angefurahi."

"Tukuyu ulilaza kamyo namna gani?"

Ndikuriyo aliacha kulifuta kopo. Alitazama lori, kuanzia tangi hadi pua, lilivyosimama sawasawa juu ya ardhi tambarare ya Dzaleka. Kisha akasema polepole, "Pua chini."

"Na kwenu?"

"Pua chini. Siku zote pua chini."

Cishahayo aliweka visanduku chini. Nilihitaji maelezo, nao walinieleza wote wawili kwa pamoja, wakikatizana. Lori likilala pua bondeni, tangi liko juu ya injini, na mafuta yanakuja yenyewe. Pakiwa na ufa, mafuta yanatoka nje, tone kwa tone, lakini bomba halikauki. Likilala tambarare, mafuta hayasukumwi tena. Yanarudi nyuma tangini taratibu, na mahali pa ufa ni hewa inayoingia. Hakuna tone, hakuna unyevu. Kwa hiyo ufa ulikuwepo tangu Gasorwe. Kilima ndicho kilichokuwa kikiuficha, kila usiku, miaka yote.

"Haikupona," Ndikuriyo alisema. "Iliacha kulia tu."



Nyuma ya nyumba zetu kulikuwa na mashimo tuliyochimba kwa ajili ya matofali ya udongo. Cishahayo alichagua moja lenye ukingo wa kushuka polepole, akaita wanaume. Walikuja kumi na watano, wengine ndio walewale waliokuwa wameondoka.

"Munasukuma sawa bibi-harusi, si sawa mwizi," aliwaambia.

Walilisukuma lori mpaka magurudumu ya mbele yakaingia shimoni na pua ikainama. Lilionekana kama mnyama aliyeshuka kunywa maji. Ndikuriyo alitafuta jiwe na kuliweka mbele ya gurudumu. Hapakuwa na haja, breki ilikuwa imekazwa, lakini aliliweka. Halafu alisukuma kopo chini ya injini, mahali palepale pa siku zote.

Tulingoja. Mtu alianza kusimulia habari za shangazi yake wa Chinsapo, akaambiwa anyamaze. Baada ya kama robo saa nilisikia sauti ambayo sikuwahi kuisikia, ingawa nilikuwa nimeishi na kopo hilo mwaka mzima. Tone moja kwenye bati.

Ndikuriyo alipiga magoti, akatia kidole koponi, akakinusa. Alikaa hivyo muda mrefu kuliko inavyohitajika kutambua dizeli. Cishahayo, ambaye alikuwa na mzaha wa kila saa, aligeuka na kutazama upande mwingine.

Kutoka hapo kazi ilikuwa nyepesi. Walifuata unyevu kwa mwanga wa jioni, wakakuta ufa mwembamba kama unywele, chini ya kishikizo kinachobana bomba kwenye fremu. Vumbi na chuma vilikuwa vimeufunika. Walikata kipande hicho, wakaunganisha kwa mpira wa bomba na waya, wakapaka sabuni ya mche kwenye maungio kuzuia hewa mpaka apate bomba jipya. Waliwasha lori likiwa shimoni, likarudi nyuma kwa nguvu zake, na Ndikuriyo akalilaza kando ya ukuta, tambarare, mpaka alfajiri.

Ijumaa saa kumi alfajiri liliwaka kwa mara moja. Niliketi kitandani nikisikiliza, nikingoja lizime, halikuzima. Saa kumi na mbili alikuwa Kanengo anapakia mbolea.

Karonga ni mbali. Kwa lori lile ni siku mbili. Alifika Jumamosi mchana, akaliacha lori barabarani, akatembea hadi ukumbi wa kanisa. Ulikuwa umefagiliwa. Mikeka ilikuwa imekunjwa na kuegemezwa ukutani. Mke wa mlinzi, Mrundi aitwaye Odette, alimwambia kwamba waliokuwa wakingojwa walikuja mapema, na kundi lilivuka jana saa nne.

Alimwuliza juu ya mguu.

"Wa kushoto," Odette alisema. "Kovu ya jembe, hapa. Mi mwenyewe nilimupa ndara, zake zilikuwa zimekatika." Kisha akaongeza, kwa kuwa alimwona jinsi alivyosimama, "Hakuwa anakaa vizuri yule mama. Kila kamyo ikisimama kwa barabara, anatoka kuangalia."

Kama lori lingewaka Jumatano, angefika Alhamisi. Hilo alilijua, na sisi wote tulilijua aliporudi, kwa hiyo hakuna aliyelisema. Alishuka kabini peke yake Jumatatu jioni, akafunga mlango kwa kamba. Cishahayo alimletea kiti na sahani ya nsima, ugali wa huku, akakaa naye bila kuuliza kitu, jambo ambalo kwa mzee yule lilikuwa kazi kubwa kuliko kusukuma lori.

Jumapili iliyofuata alinijia nyumbani akiwa na kopo mkononi. Ghalani Kanengo alikuwa amepata dereva wa Zambia, mtu wa kuaminika, ambaye hupeleka unga katika kambi za kwao. Nilitoa karatasi na kalamu, nikidhani anataka nimwandikie barua.

"Hajue kusoma, madame," alisema. "Lakini hii ataijua. Iko na alama ya meno yake hapa. Siku moja kufungua ilimukatalia, akauma."

Kweli, ukingoni palikuwa na vibonyo viwili vidogo. Aliomba tu nikwaruze kwa msumari jina la mahali, ili atakayelibeba ajue kumwambia limetoka wapi. Niliandika DZALEKA, herufi kubwa, ubavuni. Kopo bado lilinuka dizeli, lile tone na mengine yaliyolifuata shimoni. Aliniomba nisilioshe.

Ni mwaka sasa. Dereva wa Zambia alisema amelifikisha katika kambi ya kwanza, na kwamba huko limekabidhiwa watu wanaokwenda ya pili; hatujasikia zaidi. Bomba jipya limefungwa. Lori linawaka asubuhi kwa mara moja, hata kwenye baridi, na mimi ninayeamka mapema siisikii tena ile pampu ya mkono. Hata hivyo Ndikuriyo hupiga magoti kando ya gurudumu kabla ya kuondoka, anatazama ardhi kavu chini ya injini, na anainuka akikung'uta suruali.

Mzee Cishahayo aliacha kuuliza habari za maziwa kwa miezi mingi. Juzi tu, akiwa mlangoni kwake na uzi mdomoni, nilimsikia akimwita.

"Ndikuriyo. Ile ngombe imezaa?"

"Bado, mzee." Alikuwa akifungua kamba ya mlango, na alichukua muda wake kuifungua. "Lakini miezi inatimia."